Je, naweza kuiacha tiketi ya kwenda nikatumia ya kurudi tu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Jambo lenyewe linaninyima usingizi na siku nazo zinakwenda.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi ili nihudhurie mahafali ya mdogo wangu wa kike, anayesoma nchi nyingine. Safari ni ya ndege mbili: naondoka hapa ninapoishi, nabadilisha ndege katika mji wa katikati, kisha naunganisha hadi mji anaosoma. Kurudi ni njia ile ile. Nilinunua kupitia wakala mtandaoni, tena ile tiketi ya bei ya chini kabisa, ambayo wameandika wazi kwamba ukighairi hurudishiwi pesa.

Sasa wiki iliyopita bosi wangu aliniita akaniambia ofisi inanipeleka mafunzo ya siku nane, na mafunzo yenyewe yako katika mji ulio saa mbili tu kwa treni kutoka kwa mdogo wangu. Yanaanza siku 10 kabla ya tarehe yangu ya kwenda. Nilifurahi mno, maana yakiisha tu, mahafali nayo hayo. Ofisi iko tayari kunikatia tiketi ya kwenda peke yake, kwa kuwa niliwaambia ya kurudi ninayo.

Mwenzangu tunayekaa naye meza moja ameniambia nisihangaike. "Si umeshailipia? Kiti ni chako. Hiyo ya kwenda iache ipite, ukimaliza mahafali nenda uwanjani upande zako ya kurudi." Mimi nikaona ni sawa kabisa. Lakini mume wangu ana wasiwasi, anasema aliwahi kusikia mtu aliyezuiwa uwanjani kwa jambo kama hilo. Nimejaribu kuwapigia wakala, simu inaita muziki tu.

Kuna la pili. Kaka yetu mkubwa anaishi katika ule mji wa katikati, na sijamwona miaka minne. Nimewaza kwamba wakati wa kurudi nishuke hapo hapo, nikae naye wiki moja, halafu nirudi nyumbani kwa treni. Kipande cha mwisho cha ndege nisikitumie. Hilo nalo ni kosa? Na begi langu litakuwaje?

Ofisi wanataka jibu Ijumaa. Naomba unielekeze, Shangazi.

Dada wa mhitimu


Marahaba mwanangu, na hongera kwa mdogo wako.

Nianze na la haraka kwa sababu ya hiyo Ijumaa yako. Usiwaambie ofisi wakate tiketi ya kwenda tu, na kwa vyovyote vile usiiache ndege yako ya kwenda iondoke bila wewe huku shirika halina habari. Mwenzako ana nia njema, lakini ukimsikiliza, siku ya kurudi utafika kaunta na mabegi yako ukute huna safari. Mumeo amesikia sawasawa.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa nyuma ya kaunta ya tiketi miaka 11, na kati ya sura zote nilizoziona pale, ya kijana mmoja haijanitoka. Wakati wa kwenda alikuwa amepata lifti ya gari, akaona ndege ataitumia kurudi. Aliponipa namba yake ya buking, yaani ya nafasi aliyowekewa kwenye ndege, zile herufi na tarakimu sita, nikaiandika, skrini ikafunguka: jina lake lipo, namba ya tiketi ipo, safari hakuna. Nikaandika tena nikidhani nimekosea herufi. Yeye akainama juu ya kaunta, akaniwekea karatasi aliyoichapa nyumbani, kidole chake kikiwa juu ya saa ya kuondoka. "Dada, si hii hapa?" Karatasi ilikuwa ya kweli siku aliyoichapa. Ndege ile ilikuwa na viti vitupu kibao, lakini ili apande ilibidi anunue tiketi mpya kwa nauli ya siku hiyo hiyo, na hakuwa nayo. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango mpaka jioni akipiga simu kwa ndugu. Mimi nilikuwa sina ninachoweza kumfanyia, na mpaka leo nikiulizwa swali kama lako nayakumbuka yale makaratasi yake.

Kilichompata ni hiki. Tiketi yenye vipande vinne kama yako, wewe unaiona kama safari nne ulizolipia, kila moja na kiti chake. Shirika linaiona kama safari moja iliyokatwa vipande, na vipande hivyo vina mpangilio wake: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Zamani tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi, kila kipande na ukurasa wake, na mtu wa kaunta aliuchana ukurasa wa mbele kwanza. Tangu Juni 2008 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kiliachana na tiketi za karatasi, lakini kanuni ya kuchana kwa mpangilio ilihamia kwenye kompyuta kama ilivyo. Mlango wa ndege ukifungwa na wewe hujatokea, unaandikwa kuwa hukutokea, na mfumo unafuta vipande vyote vilivyo mbele yako. Hakuna mtu anayekaa akaamua kukuadhibu. Inajifanya yenyewe, usiku au mchana.

Utauliza, kwa nini wafanye hivyo wakati pesa wameshachukua? Kwa sababu ya namna nauli inavyopangwa. Nauli haifuati umbali, inafuata soko: ni watu wangapi wanataka kwenda kutoka mji huu hadi mji ule, na nani mwingine anawapeleka. Ndiyo maana kwenye safari ndefu tiketi ya kwenda na kurudi mara nyingi ni rahisi kuliko ya kwenda tu, jambo ambalo kila mteja aliniuliza na kila mteja aliona ni wizi. Shirika linajua kwamba bila sheria ya mpangilio, watu wangenunua ya kwenda na kurudi wakatumia nusu. Binafsi naona sheria hiyo inamuumiza zaidi mtu asiye na hila yoyote, aliyepata lifti au aliyeugua, kuliko yule mjanja inayemlenga. Na si mimi tu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliona vifungu vya namna hiyo vya Lufthansa na British Airways vinamwonea mteja, kwa jinsi vilivyoandikwa wakati ule. Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria wa shirika la ndege la LATAM aliyekuwa na tiketi ya Frankfurt hadi Madrid, kwenda na kurudi. Shirika lenyewe lilimhamishia ndege ya kwenda kwenye tarehe ya mapema zaidi bila kumwambia, kisha likamjulisha kwamba na ya kurudi amezuiwa kwa kuwa hakupanda ya kwenda. Mahakama ikasema abiria aliyezuiwa hivyo ana haki ya fidia, hata kama aliambiwa mapema na hata kama hakwenda kusimama kaunta.

Nakwambia hayo ujue kwamba mtu akionewa kuna mahali pa kushtaki. Lakini usipange safari ukitegemea mahakama. Kesi ile ilihusu safari ya Desemba 2017 na Januari 2018, hesabu mwenyewe miaka. Mdogo wako anahitimu mwaka huu.

Kuna tiketi ambazo ushauri wa mwenzako ungefaa, nisimwonee. Mashirika ya nauli nafuu kama Ryanair na easyJet huuza kila safari peke yake, hata ukinunua mbili kwa mara moja, hivyo ukiiacha moja nyingine inabaki. Pengine yeye amezoea hizo. Yako ina kubadilisha ndege katikati na tiketi moja kwa safari nzima, kwa hiyo haimo.

Sasa njia ya kutoka. Umeniandikia kwamba ofisi wako tayari kulipa tiketi ya kwenda tu, na hapo ndipo nilipotabasamu, kwa sababu ufunguo umeushika mwenyewe. Waombe ofisi pesa hiyo wasinunulie tiketi mpya. Wailipie gharama ya kurudisha nyuma tarehe ya ile uliyo nayo. Wewe usafiri na tiketi yako ile ile siku mafunzo yanapotaka, ushuke mji wa mdogo wako, na uchukue hiyo treni ya saa mbili. Ofisi watalipa tozo ya mabadiliko pamoja na tofauti ya nauli, na nauli ya treni. Mara nyingi hiyo ni ndogo kuliko tiketi ya kwenda tu ya safari ndefu, na hata zikilingana, wewe unabaki na tiketi nzima yenye mpangilio wake, vipande vyote vinne hai. Bosi mwenye akili ataona hesabu hiyo ukimwekea namba mbili kwenye karatasi moja.

Usichanganye, mwanangu, "hairudishwi pesa" na "haibadilishwi". Ni mambo mawili. Tiketi nyingi ambazo huwezi kurudishiwa pesa unaweza kubadilisha tarehe kwa malipo. Zipo zisizokubali lolote, kwa hiyo fungua ile baruapepe ya wakala, utafute masharti ya nauli, usome sehemu mbili tu: mabadiliko kabla ya kuanza safari, na kutotokea. Hizo mbili zinatofautiana sana. Anayebadilisha jana yake analipa tozo. Anayepiga simu ndege ikiwa imeshapaa mara nyingi hana tena cha kubadilisha.

Ikiwa tiketi yako ni ya wale wasiokubali lolote, basi mwambie bosi wako anunue ya kwenda na kurudi, na hiyo yako uighairi kabla ya siku ya kuondoka. Nauli itapotea, najua inauma, lakini omba urudishiwe kodi na tozo za viwanja. Hizo hukusanywa kwa ajili ya abiria anayepita uwanjani, na mashirika mengi huzirudisha kwa asiyesafiri hata kama nauli yenyewe hairudi. Watu wengi hawaombi kwa kuwa hakuna anayewaambia. Kwenye safari ndefu kiasi chake si cha kudharau.

Kuhusu wakala asiyepokea simu. Tiketi iliyokatwa na wakala, shirika mara nyingi litakurudisha kwa wakala huyo huyo kwa mabadiliko, kwa sababu ndiye aliyeitoa. Usikate tamaa kwenye muziki wa simu. Waandikie baruapepe leo, ili tarehe na saa ya ombi lako ibaki kwenye maandishi, na wakati huo huo pigia shirika uwaeleze wakala hapatikani na siku zinakaribia. Wengine hukubali kuichukua tiketi mikononi mwao. Ukimpata mtu, usianze na hadithi ya mafunzo na mahafali, ingawa najua inakutoka moyoni. Sema: "Naomba kubadilisha tarehe ya kwenda kwenye tiketi yangu, ya kurudi nataka ibaki, niambie jumla kabla hujabadilisha chochote." Hayo ya mwisho ni muhimu. Kabla safari haijaanza, mabadiliko mara nyingi hufanya nauli yote ihesabiwe upya kwa bei za leo, siyo za miezi mitatu iliyopita. Sikiliza jumla, uliza na siku moja kabla na siku moja baada, maana siku moja tu inaweza kushusha tofauti kwa kiasi kikubwa.

Halafu hapa nakuomba usome mara mbili. Kubadilisha buking ni jambo moja, na kutoa tiketi upya ni jambo jingine. Nimewaona abiria waliobadilishiwa tarehe kwenye buking, wakapewa ujumbe mzuri wenye siku mpya, na wakakwama kaunta kwa sababu aliyewahudumia hakutoa tiketi mpya. Kiti kipo, tiketi bado ni ya siku ya zamani, na kompyuta haikubali. Baada ya kulipa, subiri utumiwe namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika. Ilinganishe na ile ya zamani. Ikiwa ni ile ile, piga simu uulize kama tiketi imetolewa upya, na usikate simu mpaka upate jibu linaloeleweka. Kisha ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, siyo ya wakala, uone vipande vyote vinne vimethibitishwa.

Twende kwa kaka.

Kuacha kipande cha mwisho ni tofauti na kuacha cha kwanza, kwa sababu mbele yake hakuna kilichobaki cha kufutwa. Ndiyo maana watu wengi hufanya hivyo na hakuna kinachowapata. Hata hivyo wewe usifanye kimyakimya, na sababu ya kwanza ni hilo begi uliloniuliza. Begi linafungwa kitambulisho chenye herufi tatu za uwanja wa mwisho kwenye tiketi, na linafuata herufi hizo, siyo wewe. Utakuwa unakumbatiana na kaka yako huku begi lako linazunguka peke yake kwenye mkanda nyumbani. Utasema utabeba la mkononi. Siku ndege imejaa na makabati ya juu hayatoshi, wahudumu hukusanya mabegi ya mkononi mlangoni na kuyapeleka chini, na hapo napo huandikwa mwisho wa safari.

La pili, shirika limekuahidi kukufikisha nyumbani. Njia wanaweza kuibadilisha. Ndege ikichelewa au ikighairiwa wanaweza kukupitisha mji mwingine kabisa, nawe huwezi kulalamika kwamba ulitaka kushuka njiani. La tatu, hati za kuingia. Anayebadilisha ndege bila kutoka uwanjani mara nyingi hahitaji viza, anayetoka nje ya uwanja anaweza kuihitaji. Hili uliangalie hata kama utafuata njia halali ninayokupa hapa chini.

Na masharti ya mashirika mengi yanakataza kuacha kipande kwa makusudi. Wanaweza kufuta pointi zako za msafiri wa mara kwa mara, au kukudai tofauti ya nauli. Lufthansa ilimshtaki abiria mmoja aliyekuwa na tiketi ya Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt, ambaye mwaka 2016 wakati wa kurudi alishuka Frankfurt, akaacha kipande cha Oslo. Walimdai zaidi ya euro 2,000. Desemba 2018 mahakama ya Berlin ilitupa madai hayo. Alishinda, ndiyo, lakini fikiria miezi ya kupokea barua za mawakili kwa ajili ya kipande kimoja cha ndege.

Wewe huna sababu ya kujificha, maana unachotaka kina jina lake kwenye kazi hii: kusimama njiani. Kwenye safari za kimataifa, ukikaa mji wa katikati chini ya saa 24 unahesabiwa kuwa unabadilisha ndege tu. Ukizidi saa 24 ni kusimama njiani, na nauli nyingi huruhusu, nyingine bure, nyingine kwa malipo. Kwa hiyo unapopiga simu kuhusu tarehe ya kwenda, omba na hili kwa mpigo mmoja: wakati wa kurudi usimame wiki moja kwa kaka, kisha kipande cha mwisho kiwe wiki inayofuata. Ukiyaomba pamoja, mara nyingi tozo ni moja. Ukiyaomba kwa siku mbili tofauti unaweza kulipa mara mbili. Hapo begi litaandikwa mji wa kaka yako na utalichukua mwenyewe, na nyumbani utarudi kwa ndege uliyolipia badala ya kununua tiketi ya treni.

Wakikwambia nauli yako hairuhusu kusimama, uliza bei ya kuikatisha tiketi iishie kwa kaka. Usishangae ikiwa juu kuliko kuendelea hadi nyumbani. Ni lile soko nililokueleza. Hapo utaamua mwenyewe kama wiki ya kaka ina thamani hiyo. Miaka minne si michache, na mimi ningelipa kama pesa ipo. Kama haipo, muulize mhudumu kama kuna ndege ya kuunganisha ya baadaye siku hiyo hiyo. Ukipata saa nane au kumi chini ya zile 24, mtu mwenye ruhusa ya kuingia anaweza kutoka uwanjani, akala na ndugu yake, akarudi, na begi likaendelea na safari yake bila wewe kuligusa.

Jambo dogo la mwisho kuhusu siku yenyewe. Hata ukipanga vizuri, likitokea la kutokea ukachelewa ndege ya kwenda, piga simu kwa shirika ungali njiani, kabla saa ya kuondoka haijafika. Waombe wakuhamishie ndege inayofuata na wailinde ya kurudi isifutwe. Andika jina la aliyekuhudumia na saa mliyozungumza. Namba ya shirika iweke kwenye simu yako leo, pamoja na ile namba ya tiketi mpya utakapoipata, na nakala moja umpe mumeo.

Niandikie Ijumaa bosi akishajibu. Ikiwa amekataa, nitumie masharti ya nauli yako tuyasome pamoja, kwa sababu huenda kuna mlango mwingine ndani yake.

Shangazi